Moyo wa Baba umepimwa asilimia 28: tuuze kihamba?

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Kibosho, Moshi Vijijini. Baba yetu ana miaka 67. Mwezi wa tatu alikuwa anakata majani ya ng'ombe, kifua kikambana, akatoka jasho jingi na kutapika. Akasema ni vidonda vya tumbo, maana anavyo siku nyingi. Alikunywa maziwa, akalala. Kesho yake hakuweza kufika chooni bila kusimama njiani kupumua. Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa ni mshtuko wa moyo, na tumechelewa. Siku ya tatu akiwa wodini alipigwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, karatasi ikaandikwa EF 28%.

Mwezi wa tano kaka yangu mkubwa, anayefanya biashara Arusha, alimpeleka kliniki nyingine huko. Eko hiyo ikasema 36%. Baadaye tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Walimwingizia mrija mkononi hadi kwenye moyo, wakakuta mishipa mitatu imebana. Daktari akasema kuna sehemu ya msuli wa moyo "imelala", na lazima ipimwe kama bado iko hai kabla ya kuamua upasuaji. Tulikuwa tumechanganyikiwa, tukatoka bila kuuliza lolote.

Sasa nyumbani hakuna amani. Kaka anataka tuuze nusu ya kihamba, shamba letu la nyumbani, Baba apelekwe India haraka. Mdogo wetu wa mwisho, anayeishi na wazazi na ndiye wa kurithi nyumba, anasema kilichokufa kimekufa, tutakosa kihamba na Baba tutamkosa vilevile. Hawasalimiani. Dalali ameshakuja kupima kwa macho. Mama analia tu.

Naomba utueleze: ni kweli msuli wa moyo unalala kisha unaamka? Wanaupimaje? Asilimia ipi tuiamini? Baba anasema dawa zinamlegeza, siku nyingine anaziruka, ila diklofenaki ya magoti haiachi, anainunua duka la dawa. Na kila asubuhi anauliza lini atarudi kukata majani.

Binti wa pili, Kibosho

*

Marahaba, binti yangu. Poleni sana nyote, na mpe Mama pole yake peke yake.

Nianze na dalali: mwambieni asirudi kwanza. Sisemi kwamba kihamba kina thamani kuliko Baba. Nasema hamjui bado mnanunua nini kwa hiyo fedha. Hali uliyonieleza ni nzito, lakini inawapa nafasi ya wiki kadhaa za kupima na kuuliza vizuri, mradi Baba anameza dawa na hapati dalili mpya. Dalili hizo ni kifua kumbana akiwa ametulia, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, kuzimia, au uzito kupanda kilo 2 ndani ya siku tatu huku miguu ikivimba. Ikitokea mojawapo, iwe usiku au mchana, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mtafuteni mwenye gari pale kijijini mkubaliane naye mapema.

Sasa swali lako la kwanza. Ndiyo, msuli wa moyo unaweza kuacha kufanya kazi bila kufa. Mdogo wako asionekane mjinga kwa aliyoyasema, kwa sababu kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba sehemu ya moyo isiyojongea baada ya mshtuko imekwisha. Mwaka 1982 Eugene Braunwald na Robert Kloner wa Marekani waliandika juu ya msuli unaozubaa: mshipa unaziba, kisha damu inarudi, lakini msuli unabaki umeduwaa kwa saa, siku, hata wiki, ndipo unaanza tena kujikunja. Katika miaka hiyohiyo Shahbudin Rahimtoola akaeleza hali nyingine, ya msuli uliolala. Huu damu haijawahi kurudi ya kutosha. Mshipa umebana miezi au miaka, na msuli umepunguza kazi yake ili uishi na kile kidogo unachopata. Hapo ndipo daktari wa Dar alipokuwa anawaelekeza.

Wewe umekulia kwenye migomba, kwa hiyo utanielewa haraka. Mfereji ukikauka, mgomba unaning'iniza majani, haukui, hautoi mkungu, na mtu wa barabarani atasema umekufa. Kumbe kule chini uko hai, na maji yakirudi unasimama. Wa jirani yake umeoza shina. Huo hata ukiuelekezea mfereji mzima ni bure. Ukisimama mbali, yote miwili inafanana. Kazi ya vipimo ni kuitofautisha.

Ndani ya moyo wa Baba pengine mna vyote: sehemu nzima, sehemu iliyozubaa, sehemu iliyolala, na kovu. Hesabu ya kila kimoja ndiyo itakayosema kama upasuaji utamrudishia nguvu.

Na hapa tufike kwenye zile asilimia. EF ni kiasi cha damu ambacho chumba kikuu cha kushoto kinasukuma nje kila pigo, kikilinganishwa na damu iliyokuwemo kikiwa kimejaa. Moyo wenye afya hausukumi asilimia 100. Kwa kawaida husukuma kama 55 hadi 70. Kwa hiyo 28 si kwamba Baba amebakiwa na robo ya moyo, kama wengi wanavyodhani wakiiona karatasi ile. Ni karibu nusu ya nguvu ya kawaida.

Tazama pia tarehe. Eko ya kwanza ilipigwa siku ya tatu baada ya mshtuko. Siku ya tatu msuli uliozubaa bado umezubaa, na namba ya siku hiyo haiwezi kuwa hukumu ya maisha. Ndiyo maana madaktari wa moyo hurudia eko baada ya wiki sita hivi, au miezi mitatu, kabla ya maamuzi makubwa kama kuwekewa kifaa cha kustua moyo. Eko ya Arusha ilipigwa miezi miwili baadaye, na inaelekea sehemu ya ongezeko lile ni ya kweli: kilichozubaa kimeanza kuamka. Sehemu nyingine ya tofauti inaweza kuwa ya upimaji wenyewe. Anayepima huchora kwa mkono mzunguko wa chumba cha moyo kwenye skrini, kikiwa kimejaa na kikiwa kimejikunja, kwa pembe mbili. Picha ikiwa na ukungu kidogo, au mchoraji akiwa mwingine, namba husogea pointi tano, hata zaidi. Hakuna aliyewadanganya. Eko ijayo ombeni ipigwe mahali pamoja na zitakazofuata, na mpimaji apewe picha za zamani, siyo karatasi ya majibu peke yake.

Wanaupimaje msuli uliolala? Cha kwanza ni eko ya kawaida ikitazamwa kwa makini. Ukuta wa moyo uliokonda chini ya milimita 6 na kung'aa mara nyingi ni kovu. Ukuta wenye unene wake, hata kama haujongei, unatupa matumaini. Waulizeni tu: "Ukuta usiojongea una unene gani?" Huenda jibu limo tayari kwenye picha mlizonazo nyumbani.

Kinachofuata, na ndicho ambacho familia nyingi za kwetu zinaweza kukifikia, ni eko ya dobutamini. Nieleze kwa urefu ili Baba asije akaogopa akiwa kitandani. Analala kwa ubavu wa kushoto, anapakwa ile jeli ya baridi, anawekewa dripu mkononi na waya za umeme wa moyo kifuani. Dobutamini ni dawa inayouchochea moyo. Wanaanza na kiasi kidogo sana na kukipandisha kila baada ya dakika chache, huku mpimaji akiangalia kuta zilezile zilizogoma. Ukuta uliokufa hautajali dawa. Ukuta ulio hai utaanza kujikunja kwenye kiasi kidogo. Sasa, dawa ikipandishwa zaidi, wakati mwingine ukuta ule ulioamka unalegea tena. Mtu asiyejua atasikitika, lakini kwa daktari hiyo ni ishara nzuri kuliko zote: msuli uko hai, na umelegea kwa sababu mshipa wake uliobana haupitishi damu ya kutosha kwa kazi kubwa. Msuli wa namna hiyo ndio wenye nafasi kubwa ya kurudi ukifunguliwa njia.

Baba atasikia moyo unakwenda mbio, pengine mikono kutetemeka. Kifua kikimbana aseme palepale. Daktari yupo chumbani, na dawa hiyo huisha mwilini dakika chache baada ya dripu kufungwa. Kama anameza bisoprolo au kavedilolo, dawa za kupunguza mbio za moyo, ulizeni mapema kama aziache kabla ya kipimo, na kwa siku ngapi. Msiamue wenyewe.

Kuna MRI ya moyo, picha za mashine ya sumaku. Huchomwa dawa iitwayo gadolinio, kisha wanasubiri kama dakika kumi au zaidi na kupiga picha. Dawa hiyo huoshwa haraka kutoka kwenye msuli hai lakini hukwama kwenye kovu, kwa hiyo kovu linatokea jeupe. Uzuri wake ni kwamba unaona kovu limekula ukuta kwa kina gani. Likiwa chini ya robo ya unene, nafasi ya kurudi ni nzuri. Likipita nusu, matumaini hushuka sana, na likipita robo tatu karibu hakuna. Figo zipimwe kabla. Kisha kuna vipimo vya mionzi vya thaliamu na teknesiamu, ambapo chembe hai ndizo zinazoinyonya dawa, na PET, inayotumia sukari yenye mionzi: msuli wenye njaa ya damu lakini hai hula sukari kwa pupa. Hivi viwili nimevitaja ili mkisikia majina msishtuke. Msiviendee mbali kabla ya eko ya dobutamini.

Kipimo cha mrija mlichofanya Dar kinaonyesha mabomba tu. Hakisemi kama shamba linalonyweshwa na mabomba hayo liko hai. Daktari hakuwazungusha aliposema lazima kipimwe kingine.

Sasa nitakuambia jambo ambalo kaka yako hatalipenda, na mdogo wako pia asilishangilie. Kujua kwamba msuli uko hai hakumaanishi moja kwa moja kwamba upasuaji utamwongezea Baba maisha. Lilipimwa kwa utafiti mkubwa wa nchi nyingi uitwao STICH, wenye wagonjwa 1,212 waliokuwa na mishipa iliyobana na EF ya 35 au chini. Nusu walifanyiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa pamoja na dawa, nusu dawa peke yake. Majibu ya 2011, baada ya miaka kama mitano, hayakuonyesha tofauti ya wazi ya vifo. Baada ya miaka kumi, mwaka 2016, tofauti ilijitokeza: kati ya kila 100, walikuwa wamefariki kama 59 wa upasuaji na 66 wa dawa peke yake. Faida ipo, ila huja polepole, na mgonjwa lazima kwanza avuke hatari ya meza ya upasuaji. Na katika wale waliopimwa uhai wa msuli, kipimo hakikuweza kuwatenga waliofaidika na upasuaji na wasiofaidika. Kwa upande wa stenti, vile vijibomba vya wavu vya kuuweka wazi mshipa uliobana, Uingereza walichukua wagonjwa 700 wenye msuli uliothibitishwa kuwa hai. Matokeo ya 2022 ya utafiti huo, uitwao REVIVED, yalikuwa karibu sawa kwa waliowekewa stenti na kwa waliobaki na dawa: waliofariki au kulazwa kwa moyo kushindwa walikuwa kama 37 na 38 kati ya 100.

Mimi nasoma hivi. Baba ana mishipa mitatu iliyobana na moyo uliolegea, kwa hiyo upasuaji ni jambo la kujadiliwa kwa uzito, hasa kama msuli mwingi uko hai, figo na mapafu yanaruhusu, na yeye mwenyewe ana nguvu. Stenti kwa lengo la kupandisha EF peke yake, hapana, labda kama kifua kinaendelea kumbana licha ya dawa. Na uamuzi huo si wa daktari mmoja kwenye korido. Bingwa wa moyo na mpasuaji wakae pamoja na majibu yote mezani, nanyi mwambiwe walichokubaliana.

Kuhusu India: upasuaji wa kupandikiza mishipa unafanyika nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Mkianza na kliniki ya moyo ya hospitali ya KCMC, hapo karibu na nyumbani, waulizeni kipimo cha dobutamini kinapatikana wapi na siku zipi, na waiandike kwenye rufaa. Bima ya afya ya Baba nayo iulizwe kwa maandishi inalipia kipimo gani na upasuaji gani, kabla mtu hajagusa mpaka wa kihamba. Kaka yako ana uchungu wa mtoto mkubwa anayetaka kuonekana ametenda. Mpe hii kazi ya bima na rufaa, inahitaji mtu mwenye bidii kama yake.

Lakini barua yako nimeirudia kuisoma, na kuna mtu sijamsikia. Najua kaka anataka nini, mdogo anataka nini, dalali anataka nini. Baba anataka nini? Kihamba bado ni chake, na kifua kitakachopasuliwa ni chake. Amefundisha kazi wanaume wawili wanaogombana juu yake naye yuko chumba cha pili, anasikia kila kitu. Kaeni naye, Mama akiwepo, bila mjomba wala jirani. Mweleze kama nilivyokueleza. Mzee akisema "niachieni nimeze dawa zangu tuone", huo ni uamuzi halali kabisa kwa mgonjwa kama yeye, wala si kukata tamaa.

Na hizo dawa ndizo zinazonitia hofu kuliko ugomvi wenu. Mnahangaika kutafuta mamilioni, wakati tiba iliyothibitishwa iko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati na inarukwa. Dawa za moyo ulioshindwa ni za makundi manne: za jamii ya bisoprolo na kavedilolo, za jamii ya enalapri, spironolaktoni, na zile mpya kama dapaglifozini, ambazo zilianza kama dawa za kisukari. Juu yake kuna aspirini na ya lehemu kwa ajili ya mishipa. Hizi haziishii kupunguza maji ya miguuni. Kwa wagonjwa wengi zinaupunguza moyo uliotanuka na kupandisha EF, lakini zinahitaji kupandishwa dozi polepole na kupewa angalau miezi mitatu. Mgonjwa anayeziruka anapimwa eko ya moyo ambao haujatibiwa, halafu watu wanasema dawa zimeshindwa.

Kulegea anakokusema ni kweli. Wiki za mwanzo bisoprolo na jamaa zake huchosha, na presha hushuka. Asiache ghafla, hasa hizo, kwa sababu mtu mwenye mishipa iliyobana anaweza kupata mshtuko mwingine. Apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, daktari apunguze dozi au azigawe asubuhi na usiku. Figo na potasiamu zipimwe pia kwa damu. Na EF ikipanda hata ikafika 50, asidhani amepona akazitupa. Utafiti mdogo uliochapishwa Uingereza, wa watu 51 wenye moyo uliotanuka kwa sababu nyingine na ukarudi vizuri, ulijaribu kuwaachisha dawa. Ndani ya miezi sita, kati ya 25 walioachishwa mwanzoni, 11 walirudia kuugua. Walioendelea kumeza, hakuna hata mmoja.

Diklofenaki iishe leo. Inakamata chumvi na maji mwilini, inachosha figo, inapingana na dawa za moyo, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo inaongeza hatari ya mshtuko. Magoti yapewe parasetamoli na kukandwa, na akaonwe na daktari wa mifupa kama hayatulii. Mwambie Mama na magadi kwenye maharage ayaache. Sodiamu ya magadi moyo unaihesabu sawa na ya chumvi.

Majani ya ng'ombe? Bado. Kupanda mteremko na mzigo kichwani ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini asikae kitini. Atembee barabara tambarare dakika 10 asubuhi na 10 jioni, aongeze kidogo kila wiki, kwa mwendo ambao anaweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Akishindwa kuisema, apunguze. Mundu ukae kwa mdogo wako mpaka eko ijayo, na siku ya kliniki Baba mwenyewe amuulize daktari kuhusu kazi hiyo. Mkipata majibu ya dobutamini, niandikie tena na uambatanishe nakala.